Kurasa Mbili Zilizogandana

Tangu darasa la tatu walimu walimwita Mwandiko, na jina likamkaa hata mama yake mzazi akawa analitumia anapomtuma dukani. Herufi zake zilisimama wima, kila moja kwenye mstari wake, bila kumsukuma jirani. Mtoto wa miaka tisa akiandika hivyo, watu wazima hawajisumbui tena kuuliza kama anaelewa anachoandika. Wanalitazama daftari, wanatikisa kichwa, wanasema huyu atafika mbali. Mama yake, aliyekuwa akifua nguo za watu, alilibeba daftari moja kwenye mkoba wake muda wote na kuwaonyesha wateja kabla hawajauliza kuhusu mashuka yao.

Walimu wa shule ile waliona wamepata mtu. Kipindi cha sayansi kikifika, mwalimu anamkabidhi kitabu na chaki, kisha anakwenda zake ofisini kunywa chai. Mwandiko anapanda juu ya kiti, ananakili kitabu ubaoni, na wenzake arobaini na wanane wananakili ubao kwenye madaftari. Katika safari yote hiyo, kutoka kitabuni hadi ubaoni hadi daftarini, elimu haikuwahi kupita kichwani mwa mtu. Siku moja alinakili mpaka maneno "tazama picha iliyo juu". Juu ya ubao hapakuwa na picha, palikuwa na saa iliyokufa. Darasa zima likaandika "tazama picha iliyo juu" na kupigia mstari kwa rula. Mwalimu aliporudi alisahihisha madaftari yote na kuweka vema.

Mtihani kwake ulikuwa jambo la macho. Alikuwa anaukumbuka ukurasa mzima kama ulivyo, na doa lake la wino, na alichofanya mtihanini ni kuusoma tena kichwani na kuumwaga kwenye karatasi. Huko sekondari alitokea mwalimu mmoja wa fizikia mwenye tabia ya kuuliza "kwa nini?" Mara ya kwanza alipomwuliza Mwandiko, kijana alisimama na kutazama dari mpaka kengele ikalia. Alianza kuliogopa lile swali kama wengine wanavyoogopa sindano. Bahati ikawa upande wake, maana muhula ulipokwisha yule mwalimu alihamishiwa shule nyingine, na masomo yakarudi kwenye utulivu wake.

Alifaulu, tena vizuri, akapelekwa chuo cha ufundi kusomea ujenzi. Hakuupenda wala hakuuchukia. Mjomba wake alisema watu hawataacha kujenga nyumba, na familia ikaona hilo linatosha kuwa sababu. Chuoni alimkuta mkufunzi mmoja mfupi, mwenye miwani mizito, aliyefundisha misingi na kuta kwa miaka mingi hivi kwamba kila mtu, hata Mkuu wa Chuo, alimwita Mzee Msingi. Mzee Msingi alikuwa na daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Humo ndimo lilimokaa somo lote. Yeye alilisoma kwa sauti, wanafunzi wakaandika, na palipokuwa na mzaha pembeni mwa ukurasa aliusoma mzaha, wakacheka.

Tatizo ni kwamba daftari lilikuwa limechakaa na macho ya Mzee yamechoka. Alimsikia mtu akiusifu mwandiko wa kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, akamwita ofisini, akamwambia likizo hii hatakwenda nyumbani. Atamnakilia daftari zima katika daftari jipya, kwa herufi kubwa ambazo mzee wa macho mabovu anaweza kuzisoma. Mwandiko alijisikia kama amepewa cheo. Wenzake walipofunga mizigo yeye alipewa ufunguo wa stoo ya vifaa, meza moja, kalamu tatu nyeusi na moja nyekundu ya vichwa vya habari.

Siku ya sita alifika mahali ambapo kurasa mbili zinazotazamana zilikuwa zimegandana. Kuna siku chai ya sukari ilimwagikia hapo, ikakaukia ndani, na sasa zilikuwa kitu kimoja kigumu. Alijaribu kuingiza kucha, karatasi ikaanza kuchanika pembeni, akaacha haraka. Angekwenda kumwambia Mzee, lakini Mzee angemwuliza kwa nini daftari lina mchaniko. Akasoma mstari wa mwisho kabla ya kurasa zile. Ulisema: "Baada ya msingi kukauka na kusawazishwa, fundi". Akafunua upande wa pili, mstari wa kwanza ukasema: "aanze kupanga tofali za ukuta." Sentensi iliungana vizuri kabisa. Akaiunganisha, akavuta pumzi, akaendelea na kazi. Kilichokuwa humo ndani hakukijua, na ukweli ni kwamba hakutaka kukijua.

Kuanzia muhula ule Mzee Msingi alisoma kutoka daftari jipya. Hakuna aliyesimama kusema kuna kitu kimerukwa. Wa mwaka wa pili walikuwa wamekwisha kulipita somo hilo, wa mwaka wa kwanza hawakuwa na cha kulinganisha nacho, na mafundi wenyewe ni watu wa kufuata walichofundishwa, hasa kama kinapunguza kazi. Mwandiko alimaliza wa kwanza darasani kwake, jambo lisilo la ajabu kwa mtu aliyenakili somo kwa mkono wake, na chuo kikamwajiri kuwa msaidizi. Mzee alipostaafu palifanyika hafla ndogo ya soda na biskuti. Alimkabidhi daftari mbele ya watu, kwa mikono miwili, akasema mimi nakwenda lakini somo linabaki. Watu walipiga makofi mpaka biskuti zikaisha.

Ikapita miaka kumi na tisa. Mwandiko akasoma daftari, wanafunzi wakaandika. Aliusoma hata mzaha wa pembeni, uleule wa fundi aliyejenga nyumba bila mlango, na akajifunza kusubiri kidogo ili wacheke. Mtaa mzima kuzunguka chuo ulijengwa na vijana waliotoka darasani kwake, na nyumba zote za mtaa huo zilikuwa na ugonjwa mmoja. Maji yalipanda ukutani kutoka chini. Rangi ilivimba, ikabanduka, lipu ikawa unga, na alama ya unyevu ikakaa kimo cha goti nyumba kwa nyumba, kama vile mtu alipita na kamba akaipima. Watu wakasema ni udongo. Ukimwuliza mwenye nyumba, anakuambia udongo wa huku una chumvi. Ukimwuliza fundi, anakuambia hivyohivyo, halafu anakuuzia rangi nyingine.

Nyumba ya Mwandiko mwenyewe ilijengwa na wanafunzi wake bora watatu, kwa heshima ya mwalimu wao, nayo ilikuwa na maji kuliko zote. Mkewe, ambaye alishona nguo sebuleni, alikuwa amekwisha kulihamisha kabati lake la vitambaa mara nne. Kila masika alimwuliza yeye si ndiye mtaalamu wa kuta. Mwandiko akamweleza habari za udongo, kwa utaratibu, akipanga hoja. Mkewe akasema udongo gani huo unaopanda mpaka kwenye mtoto wa meza.

Basi mtaalamu akaona dawa ni kusoma zaidi. Akajiandikisha masomo ya jioni ya chuo kikuu, shahada ya ujenzi, na utafiti wake akauita Sababu za Unyevu katika Kuta za Makazi. Alizunguka mtaani na dodoso, akahoji kaya sitini. Hamsini na saba zilisema ni udongo, mbili zikasema ni majirani, moja ikamfungulia mbwa. Nyuma ya soko palikuwa na safu ya nyumba kongwe, zilizojengwa kabla hajazaliwa, ambazo kuta zake zilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Zilisimama juu ya udongo uleule. Aliziona, akazitafakari, kisha akaziondoa katika utafiti kwa maelezo kwamba zingevuruga matokeo. Msimamizi wake alimrudishia rasimu mara nne: mara tatu kwa sababu ya pambizo, na mara ya nne kwa sababu namba za kurasa zilikuwa chini badala ya juu. Hitimisho hakuligusa. Likasema ni udongo, na kwamba wananchi waelimishwe. Mwandiko akavaa joho, akapigwa picha, na picha ikatundikwa sebuleni, juu ya alama ya maji.

Kwa shahada ile sasa alikuwa anasubiri kuwa Mkuu wa Idara. Barua ilikuwa imekwisha kuchapwa, ilibaki sahihi. Hapo ndipo alipoingia darasani Dada Zege.

Alikuwa mwanamke wa miaka karibu arobaini, mabega mapana, kucha zimekwisha kwa saruji. Alikuwa amefanya kazi saiti miaka kumi na mitano, kwanza akibeba zege kwa ndoo, baadaye akipanga tofali, mpaka akawa ndiye anayewaelekeza wanaume waliokuwa wakimcheka. Tajiri wake alitaka kumfanya msimamizi wa saiti mpya, lakini kanuni mpya ilisema msimamizi lazima awe na cheti cha chuo. Nafasi ilikuwa inamsubiri mpaka mwisho wa muhula, na nyuma yake walikuwa wanaume watatu wenye vyeti wakiisubiri pia. Ndiyo maana alikuja kukaa kwenye dawati la mbele na vijana wa umri wa mwanawe.

Siku somo lilipofika kwenye msingi, Mwandiko alisoma ile sentensi yake maarufu, kwamba baada ya msingi kukauka fundi aanze kupanga tofali za ukuta. Kalamu thelathini na tano zikaandika. Ya Dada Zege ikabaki mezani. Akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu, ile nailoni nyeusi inatandazwa saa ngapi, mwalimu. Akaeleza, maana aliona uso wa mwalimu haukuelewa, kwamba juu ya msingi lazima itandazwe nailoni nzito, ipande ukingoni, ndipo tofali zifuate, la sivyo maji ya ardhini yatapanda ukutani. Mwandiko akasema tutafika huko. Akageuza ukurasa, akajua kwamba huko hakupo, akaendelea kusoma.

Mtihani wa mwisho uliuliza hatua zinazofuata baada ya msingi kukauka, alama ishirini. Dada Zege alijibu kwa nailoni, akachora na mchoro, akaonyesha namna ncha zinavyolaliana. Mwongozo wa kusahihisha, ambao Mwandiko aliuandika mwenyewe kwa kuufuata ukurasa wake, ulisema hatua ya kwanza ni kupanga tofali. Na kanuni yake ilikuwa hatua ya kwanza ikikosewa, zote zinazofuata zimekosewa. Akampa sifuri kwa wino mwekundu, sifuri nzuri sana, ya duara kamili. Kijana mmoja aliyekuwa hajawahi kushika mwiko alipata ishirini. Jumla ya Dada Zege ikawa arobaini na nne, na kufaulu kunaanzia hamsini.

Alikuja ofisini na karatasi yake, akakaa bila kukaribishwa kwa sababu alikuwa ametoka saiti na miguu inauma.

"Mwalimu, naomba unioneshe nilipokosea."

"Hukufuata notsi, dada yangu. Mtihani unatoka kwenye notsi."

"Sawa. Nyumba yako wewe, maji yanafika wapi ukutani?"

Mkono wa Mwandiko ulishuka wenyewe kando ya kiti mpaka kwenye goti. Wote wawili waliuona. Dada Zege akakunja karatasi, akasema amekwisha kukata rufaa na kamati itakaa Ijumaa. Hakugombana naye. Alisema tu kwamba tajiri hatamsubiri kupita Jumatatu, na kwamba miaka kumi na mitano si mchezo, kisha akaenda zake.

Jumatano Mwandiko alikwenda kwa Mzee Msingi. Alimkuta barazani, amezeeka, redio sikioni, na daftari la zamani likiwa kabatini kati ya picha za wajukuu. Waliweka birika jikoni na kuzishika zile kurasa juu ya mvuke, mzee akipuliza, Mwandiko akivuta taratibu kwa kisu cha siagi. Zikaachana. Ndani palikuwa na somo zima la nailoni: unene wake, namna ya kuilaza, ncha zilaliane kiasi gani, na mchoro uliofanana na wa Dada Zege kama pacha. Juu yake, kwa mwandiko mbovu wa Mzee, paliandikwa: "Hatua hii isirukwe kamwe."

Mwandiko alikaa kwenye kigoda. Alihisi aibu, ile aibu nzito ya kitoto ya kukojoa darasani, na hakukuwa na pa kuificha.

"Mimi ndiye niliyeruka, Mzee," akasema. "Niliona zimegandana, nikaunganisha sentensi."

"Najua," Mzee akajibu. "Niligundua mwaka uliofuata."

Akaeleza bila haraka, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Alipogundua, darasa moja lilikuwa limekwisha kutoka na vyeti, na lingine lilikuwa limekwisha kufanya mtihani. Angewaita warudi? Angemwambia Mkuu nini? Tena, alikiri, bila somo lile kipindi kilikwisha mapema, na chai ya ofisini ilikuwa inapatikana ikiwa bado moto. Mwaka ukawa miaka. Baadaye akastaafu na kuona jambo hilo si lake tena. Alimshauri Mwandiko afanye hivyohivyo, maana na yeye amebakiza miaka sita tu.

Mwandiko aliomba zile kurasa mbili. Mzee akazichana mwenyewe kutoka daftarini akampa, akaongeza sauti ya redio.

Kamati ya Ijumaa ilikuwa na watu watatu: Mkuu wa Chuo, Afisa Mitihani, na Mwandiko, ambaye alikuwa katibu wa kila kamati ya chuo kwa sababu ya ule mwandiko wake. Kwamba ndiye pia mwalimu aliyelalamikiwa, halikumsumbua mtu. Mkuu aliisoma rufaa, akaziangalia kurasa mbili zilizowekwa mbele yake, akavua miwani. Hakuwa mjinga, na nyumba yake ya chuo ilikuwa na unyevu wake. Alielewa upesi kuliko Mwandiko alivyotarajia, na alichoelewa kwanza ni hesabu ya vyeti. Kama mama huyu yuko sahihi, akasema, basi ishirini iliyotolewa kwa wengine wote ni sifuri, mwaka huu na miaka yote iliyotangulia, na wapo waliokwisha kuwa wakubwa. Mmoja wao alikuwa Afisa Mitihani, ambaye alianza kuichunguza kalamu yake.

Mkuu akasema mama apewe alama zake, hana tatizo na hilo, asije akakosa kazi. Ila itaandikwa kwamba kulitokea kosa la kujumlisha. Akamgeukia katibu.

"Andika. Kamati imebaini kosa la kujumlisha alama."

Na Mwandiko akaandika. Mkono wake uliokuwa ukinakili maneno ya watu tangu darasa la tatu haukujua kufanya kingine. Uliandika mpaka nukta, herufi zikasimama wima, na hata mstari wa chini ukapigwa. Mkuu akagusia, kwa wepesi tu, kwamba barua ya Mkuu wa Idara iko mezani kwake na ataitia sahihi mchana huohuo.

Dada Zege akaitwa ndani. Alisoma muhtasari polepole, kidole kikifuata maneno. Alama alizitaka, na uso wake ulionyesha kwamba alizitaka sana. Lakini alipofika mwisho hakushika kalamu ya kutia sahihi. Alimtazama Mwandiko.

"Mwalimu, hivi ndivyo ilivyokuwa?"

Mkuu akakohoa. Afisa Mitihani akasema mama, tia sahihi tu, utawahi kazini. Dada Zege akasema anawahi, ila kule saiti kuna wanaume watatu watakaosema alipewa kwa kuhurumiwa, na yeye akisimamia ukuta anataka kuwaambia watandaze nailoni bila mtu kumwambia kwamba chuo kilikataa. Alirudia swali lake. Hakuongeza sauti.

Mwandiko alitafuta kichwani ukurasa wa kuusoma. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote akiulizwa, na safari hii hapakuwa na ukurasa. Palikuwa na barua mezani kwa Mkuu, na mwanamke mwenye mikono iliyoliwa na saruji akisubiri jibu.

"Hapana," akasema. "Hakuna kosa la kujumlisha. Ulijibu sawa. Notsi zangu zina pengo, nililiweka mimi nikiwa mwanafunzi, na nimelifundisha miaka kumi na tisa."

Hapo kikao kikawa kifupi sana. Dada Zege alipata alama zake, kwa sababu baada ya maneno hayo Mkuu alitaka atoke mlangoni haraka iwezekanavyo. Hakumshukuru Mwandiko, na hakuwa na sababu ya kumshukuru. Alimpa mkono lakini, na Mwandiko akahisi ugumu wa kiganja kile siku nzima. Barua ya Mkuu wa Idara ikarudi kwenye droo. Ukatibu wake wa kamati zote ukakoma dakika hiyohiyo. Muhtasari ukaandikwa upya na Afisa Mitihani, kwa mwandiko wa kuku, na ukasema kosa la kujumlisha. Kwa hiyo kwenye faili za chuo hakuna kilichotokea mpaka leo.

Nyumbani alimweleza mkewe kila kitu, kuanzia kwenye chai iliyomwagika. Mkewe alisimamisha cherehani. Alicheka kwanza, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha kicheko kikakatika na akakasirika kwelikweli. Miaka kumi na moja, akasema, nahamisha kabati, natupa vitambaa vya watu vilivyooza, naomba radhi kwa wateja, na mwenye udongo nalala naye. Mwandiko aliiteremsha picha ya joho ukutani, na nyuma yake lipu ikaanguka kipande kizima.

Jumatatu aliingia kwa wa mwaka wa kwanza. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu chuo hakikuwa na mtu mwingine wa kufundisha kuta, na kwa mujibu wa faili hakuwa na kosa. Wanafunzi arobaini walikuwa wamekwisha kufungua madaftari na kuandika tarehe. Aliwaambia waweke kalamu chini. Hawakuelewa, akarudia. Akawasomea kurasa zile mbili kutoka kwenye karatasi zenye doa la chai, akawachorea nailoni ubaoni, mchoro uliopinda kwa sababu safari hii hakuwa ananakili. Akawaambia ilivyotokea: stoo, kucha, sentensi iliyoungana vizuri. Akawaambia kuta za mtaa huu zinanyonya maji kwa sababu yake, na za nyumbani kwao wengine pia, na kwamba udongo hauna kosa.

Wanafunzi waliinamisha vichwa. Alidhani wameguswa. Kijana mmoja wa dawati la mbele, mwenye rula na kalamu za rangi tatu na mwandiko ambao Mwandiko alikuwa ameuona na kuusifu wiki iliyopita, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hili litatoka kwenye mtihani?"

Wengine wote wakainua vichwa, maana lilikuwa ndilo swali lao.

"Lilishatoka," Mwandiko akasema. "Niliyefeli ni mimi."

Kijana akamtazama kidogo, akainama, akaanza kuandika.